Tulichora Nyumba Watu Wakizikimbia

Afisa wa wizara alizisoma hati zangu, akanitazama, kisha akacheka bila ubaya.

"Mama, watu wanakimbia nyumba zao. We unakuja kuchora zingine?"

Nikamjibu kwamba wanaokimbia watarudi, na wakirudi watataka pa kulala. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Bukavu, Kongo, baada ya vita vya kwetu kuifunga ofisi nilikochora ramani za majengo tangu nimalize chuo. Bujumbura nayo ilikuwa vitani, lakini soko lilifunguliwa kila asubuhi, na mimi sikuwa na kazi nyingine niliyoijua. Nilikuwa nimeshapanga chumba mtaa wa Rohero, nyuma ya duka la dawa, nikaingiza meza ya kuchorea na kutundika kibao mlangoni. Kilichokosekana ni kibali. Afisa akanieleza kwamba mgeni hatii sahihi ramani peke yake. Lazima awepo mhandisi Mrundi.

Mwenye duka la dawa akanielekeza Gihosha, mtaa wa kilimani, kwa mhandisi mmoja mzee aliyeacha kazi tangu mwanawe auawe. Nilimkuta barazani amevaa koti na tai, kama mtu anayengoja gari la ofisi. Nikamweleza shida yangu.

"Mi nimechoka," akasema.

"Sikuombi uchoke, Muzee. Kazi yote nitafanya mi. Nakuomba sahihi tu."

Uso wake ukabadilika. "Sahihi tu? Nimezika mtoto. Jina langu ndilo limebaki zima, na we unataka nikukodishie?" Akanionyesha njia.

Nilishuka kile kilima nimekasirika, na zaidi kwa sababu alikuwa na haki.

Siku chache baadaye akaja mteja wangu wa kwanza, fundi wa magari wa Buyenzi, Mwislamu mwenye sauti ya juu, aliyekuwa na kiwanja Carama, pembezoni mwa mji. Alitaka kumjengea mama yake nyumba. Nilichora mchoro wa mwanzo, nikapanda nao tena Gihosha. Safari hii sikutaja sahihi. Nilimwekea mzee ule mchoro magotini, nikamuuliza maji ya mvua angeyapeleka upande gani.

Akauinamia muda mrefu. "Sijui," akasema. "Udongo wa kule sijauona. Na nisichokiona siandiki jina langu." Akaingia ndani kutafuta viatu.

Tulikwenda Carama watatu, asubuhi, kwa gari la fundi. Fundi alisimama katikati ya kiwanja akitoa amri. "Upande wa barabara sitaki dirisha hata moja. Nyuma munipe milango miwili. Wenye bunduki wakija huku, mama anatokea kule."

"Atakaa gizani mchana kutwa," nikamwambia.

"Giza haiui mutu, madamu."

Mzee alikuwa ameshika mwisho wa kamba ya kupimia, nami mwanzo wake, risasi ziliposikika upande wa milimani. Kwanza moja, halafu nyingi pamoja. Tukalala kifudifudi kwenye maharage ya jirani. Fundi alikuwa akisoma dua kwa kunong'ona. Nikawaza kwamba niliiacha Bukavu ili nife kwenye shamba la mtu nisiyemjua.

Ikatulia. Fundi akainuka wa kwanza, magoti yamejaa udongo. "Basi. Tuache. Nitauza hii kiwanja."

Mzee akaipangusa tai yake, akaokota kamba.

"Utauza kesho," akasema. "Leo tumekuja kupima. Shika pale."

Fundi akashika. Tukapima mpaka kona ya mwisho.

Kiwanja hakikuuzwa. Mzee, akiwa ameuona udongo, alitia sahihi yake kwenye ramani, na kibali kikatoka. Ujenzi ulisimama mara kadhaa, barabara zilipofungwa au saruji ilipopotea mjini, na kila uliposimama nilipanda Gihosha, tukaketi na mzee kurekebisha mchoro. Milango miwili ya nyuma tulimpa fundi. Dirisha la barabarani tuliligombania hadi mama yake mwenyewe alipoulizwa.

"Wekeni," bibi akasema. "Mi nataka kuona nani anapita. Nikiogopa nitafunga."

Alihamia vita bado havijaisha. Mafundi walikuwa wakimalizia rangi nilipomwona mwanamke amesimama barabarani, mtoto mgongoni, akiitazama nyumba. Nyumba yake ya Kinama ilikuwa imebaki kuta tu, na alitaka kujua kama kuta zile zingebeba paa jipya.

Nikamgeukia mzee, tuliyekuja naye kukagua kazi. Alikuwa ameshavaa koti.

"Kwanza tuzione," akamwambia yule mwanamke. "Ni mbali?"