Mpangaji kutoka Maore

Nesi wa Kikenya niliyekuwa nikiishi naye Bankstown aliniletea mpangaji mwenzetu akidhani ananiletea ndugu. "Anatoka visiwa vya Komoro," alisema. "Si ndiko kwa mama yako?"

Nilifurahi. Mimi nilizaliwa Tanga, lakini mama ni wa Nzwani, kimoja cha visiwa hivyo, na tangu nifike Sydney lugha yake nilikuwa naisikia kwenye simu tu. Msichana alipoingia na begi lake nikamsalimu kwa lugha hiyo. Akanijibu kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, polepole, kama anayemsahihisha mtoto: yeye si Mkomoro, ni Mfaransa wa Mayotte.

Mayotte ndiyo Maore, kisiwa cha nne. Wafaransa walipoviachia vile vitatu, hicho walikibakiza mkononi. Baadaye wakaweka viza kwenye bahari ambayo watu walikuwa wakivuka kwenda kuoa na kuzika. Asiye na viza huvuka kwa siri, katika boti ndogo iliyojaa kupita kiasi. Mjomba wangu alipougua figo alipanda boti kama hiyo, kwa kuwa mashine ya kusafisha damu ilikuwa Maore. Ilizama. Mwili wake hatukuletewa.

Sikumweleza hayo. Nilihamishia mchele wangu kwenye kabati la juu, basi.

Nikipika wali wa nazi alifungua madirisha yote, hata Julai, baridi ikituingia mifupani. Lakini mama yake akipiga simu alizungumza naye lugha ileile aliyoninyima mimi. Jumapili moja, tukila, Mkenya alimwuliza kwao kukoje.

"Kuzuri, ila watu wa Nzwani wametujaa. Wanakuja kuzaa kwetu, wanajaza hospitali yetu."

"Yenu wewe na nani?" nikamwuliza.

"Sisi Wafaransa."

"Na hao Wafaransa wenzako, wanakujua?"

"Pasi yangu wanaijua. Yako je?"

Niliondoka na sahani yangu, nikamalizia kula chumbani.

Wiki chache baadaye mkaza mjomba, mjane wa yule aliyezama, alinipigia simu ya video nikiwa jikoni. Msichana akapita nyuma yangu kuchukua maji.

"Nani huyo?" akauliza mkaza mjomba.

"Mtu wa Maore," nikasema kwa sauti, makusudi.

Nilidhani msichana atatoka. Akasogea mbele ya simu, akainamisha kichwa, akamwamkia kama watoto wa huko wanavyowaamkia wakubwa: "Kwezi."

"Mbona," mkaza mjomba akaitikia, ndiyo marahaba ya kwao. "Mwanangu, watu wetu bahari ikiwatupa kwenu, mnawasalia?"

"Tunawasalia, mama. Baba yangu huenda kila mara."

"Makaburi yana majina?"

"Hayana."

Simu ilipokatika nilimfuata mpaka mlangoni kwake. "Baba yako anawasalia, na wewe unalalamika kwamba wamewajaa?"

"Nyinyi mlitaka uhuru," alisema. "Sasa mnatukimbilia kwa nini? Kila wiki baba yangu anaosha maiti zenu!"

"Wamewekewa viza kwenye bahari yao!"

"Niliiweka mimi?"

Akanifungia mlango usoni. Mwisho wa mwezi akahamia mtaa wa Liverpool, hapohapo Sydney, hakuniaga, wala sikutoka chumbani kumwona akiondoka.

Lakini mkaza mjomba hakuniacha. Kila akipiga alitaka kujua baba wa yule mtoto anawazika watu wapi. Nilimzungusha kwa visingizio hadi nikachoka. Mwishowe nikamwandikia msichana ujumbe, mstari mmoja, kwa lugha ya mama yangu.

Jibu lilikuja kesho yake. Jina la kijiji, na kwamba makaburi yako nyuma ya msikiti, upande wa baharini. Halikuwa na salamu. Nikalituma Nzwani kama lilivyo. Sikumshukuru.