Kipande cha Pafu la Sitati

Mume wangu Sitati amechoka kupimwa, na mimi nimechoka kumsindikiza. Huu mwaka wa pili tunatoka Kariandusi kwenda Nakuru na bahasha ya picha za kifua, kona zote zimeshakunjika. Kwanza walisema TB, akameza dawa miezi sita, kikohozi kikabaki palepale. Kisha wakasema pumu. Siku hizi akipanda kamlima ketu husimama katikati na kujifanya anatazama ziwa, kana kwamba hajaliona tangu tuhamie hapa. Namwacha ajifanye.

Jumanne ile Daktari Cheruto, binti mdogo kuliko Natasha wetu, aliinua picha akazisogeza dirishani. Alisema mapafu yana makovu, ila makovu huletwa na mambo mengi, na dawa hutegemea chanzo. Alitaka kipande cha pafu akipime.

"Kuna njia tatu, mzee," akasema. "Ya kwanza, tunapitisha mrija mwembamba kwa mdomo mpaka kwa mapafu, tunanyofoa vipande vidogo kama mtama. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shida ni hivyo vipande, mara mingi havituambii kitu."

"Na ya pili?" nikauliza mimi, maana Sitati alikuwa bado anatafuta pumzi.

"Mrija huo huo, lakini ncha yake ni baridi sana. Inagandisha kipande, kinatoka kikubwa. Hapa hatuna hiyo mashine, tutawatuma Nairobi. Na damu inaweza toka mingi. Ya tatu ni operesheni. Unalazwa usingizi, wanapitia katikati ya mbavu. Hiyo ndiyo inatoa jibu poa kabisa." Akamgeukia Sitati. "Lakini na hii kifua yako, mzee, sitakudanganya. Wengine hawaamki."

Nilikasirika. Njia nyepesi haijui kitu, na inayojua inaweza kumuua! Sitati akajibu upesi mno.

"Nipasueni. Nimechoka kukohoa kitu haina jina."

Nilimwogopea kuliko siku nyingine yoyote ya ndoa yetu.

Daktari akavuta fomu. "Kazi?"

"Mkulima," akasema Sitati, kama alivyowaambia wote waliotangulia.

"Tangu zamani?"

"Zamani nilikuwa nabeba ule udongo mweupe wa machimbo. Miaka kumi na moja. Lakini hiyo haina neno, tulikuwa tunakunywa maziwa."

Kalamu ikasimama. "Maziwa?"

Nikaeleza mimi. Wabebaji wote walijua: zamu ikiisha, unakunywa nusu lita, vumbi linateremka, kifua kinabaki safi. Sitati hakuruka hata siku moja. Ndiyo maana hakumwambia daktari yeyote. Amtajie vumbi kwa nini, na lilishaoshwa?

"Maziwa inaenda kwa tumbo, mama," Cheruto akasema polepole. "Haifiki kwa mapafu. Na hiyo vumbi aliacha lini?"

"Miaka ishirini," Sitati akajibu.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini nilimwona ameketi pale, tayari kupasuliwa, nikasema kwamba hakuacha. Kila mavuno tunatafuta gunia la ule unga mweupe wa machimbo, tunauchanganya na mahindi ili dumuzi wasiyale. Sitati ndiye huchanganya, kwa beleshi, ndani ya stoo.

"Mlango ikiwa wazi?"

"Imefungwa," nikasema. "Ndio upepo isibebe unga."

Cheruto akaweka fomu chini, akazitazama picha upya, kwa muda mrefu.

"Sidhani tutampasua," akasema mwishowe. "Hizi picha na hiyo vumbi zinaenda pamoja. Nitaongea na wenzangu hii wiki, lakini mimi singemkata."

Sitati akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Kwa hivyo nitapona?"

"Makovu haitoki, mzee. Tutajaribu isiongezeke. Hiyo unga usiguse tena."

Njiani aliniambia niache uso wa matanga, kwani ameepuka kisu. Ni kweli, na nilimshukuru Mungu kwa sauti. Tulipofika nyumbani alijilaza, nami nikaenda stoo kuondoa gunia la mwaka huu. Nilisimama mlangoni nikitazama komeo. Liko upande wa nje. Kila mavuno Sitati aligonga kutoka ndani, akikohoa, akisema, "Mama Natasha, fungua kidogo." Na kila mavuno mimi nilimjibu, "Maliza kwanza."