Vipande Kumi na Vinne vya Saksafoni

Kwa nini muziki ule ulikuwa unakatika? Swali hilo lilinishinda mwaka mzima niliofundisha Kakuma, nami sikuwa mtu wa kushindwa na swali akalala vizuri. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi Turkana kutoka chuo kikuu na shahada moja, masanduku mawili, na tabia ya kumuuliza kila mtu "umejuaje?", hata katekista anayetangaza saa ya misa.

Muziki wenyewe ulikuwa kwenye kanda moja ya kaseti, mali ya mwalimu mwenzangu katika shule ya msingi ya kambi ya wakimbizi. Alikuwa mtu wa Juba, mrefu, wa umri wa baba yangu, na kabla ya vita alipiga saksafoni katika bendi ya hoteli. Saksafoni aliiacha huko alipokimbia. Kanda alipewa hapa kambini na nesi mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwa na maelezo yoyote, ila jina la mpigaji kwa kalamu ya bluu: Mmarekani mweusi, bingwa wa ile jazi ya kasi inayoitwa bebop, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Mwalimu alisema ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu, si studio. Hilo niliamini bila ubishi, kwa sababu glasi zilisikika zikigongana.

Vilikuwa vipande kumi na vinne, tukavipa majina yetu wenyewe. Mimi nilipenda vitatu. Katika Cha Kikohozi, mtu anakohoa karibu kabisa na maikrofoni, na saksafoni inajibu papo hapo kama inayomwambia pole. Katika Cha Mama Anayecheka, mwanamke anaangua kicheko, na yule Mmarekani anapanda juu mbio kana kwamba anataka kujua mama huyo ameambiwa nini. Cha tatu ni Cha Mbuzi: noti zinashuka kama mbuzi wanaoteremka mlima wa mawe, kila kwato mahali pake, hakuna anayeteleza. Nilikirudia hadi betri zikachoka, tukazianika juu ya bati zipate jua, kisha nikakirudia tena.

Lakini vyote kumi na vinne vilianza katikati ya pumzi na kuisha kama mtu aliyezibwa mdomo. Saksafoni inafika mahali, tarumbeta ya mtu mwingine inaanza, nusu sekunde tu, halafu kimya. Kipande kinachofuata.

"Mwalimu, hapa pamekatwa," nilimwambia siku ya kwanza.

"Nani alikata?"

"Sijui. Labda nesi. Labda kanda ni mbovu."

"Mara kumi na nne? Mahali moja moja hivyo?" Alitikisa kichwa. "Hii mtu alimaliza, binti. Amesema maneno yake, amekaa chini. Wewe unataka nini tena?"

"Na ngoma je? Mbona ngoma nayo inanyamaza?"

"Bosi akinyamaza, nani anaongea ofisini?"

"Kwetu ofisini wote wanaongea."

"Ndiyo maana hakuna kazi inaisha." Alibonyeza redio. "Wewe umesoma chuo kikuu. Yeye alisoma saksafoni."

Basi tukaendelea hivyo, wiki baada ya wiki, chini ya mwarobaini nyuma ya darasa la nne. Nilileta nadharia mpya kila Jumatatu. Alizikataa zote kabla ya Jumanne.

Kisha nikaenda nyumbani Lodwar wikendi moja, na shangazi yangu, kiongozi wa kwaya ya akina mama, akanipa habari huku anachambua maharagwe. Marobota ya nguo kuukuu yalikuwa yamekuja parokiani kutoka ng'ambo, na katikati ya makoti ambayo hakuna Mturkana angeyavaa kwa joto lile walikuta sanduku jeusi. Ndani yake, saksafoni.

"Sasa Padre amesema, mtu akiweza kuipiga mbele ya watu Jumapili ile ingine, achukue," alisema shangazi. "Akikosekana, inakwenda seminari, mbali huko. Mimi naona ikwende tu. Nani hapa anajua kupuliza hiyo bomba?"

Nilijua mmoja.

Nilipomwambia mwalimu, alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Halafu akajigusa midomo.

"Miaka tisa," alisema. "Hii mdomo imesahau."

Siku kumi zilibaki. Alichukua mpini wa jembe, akauchora vitufe kwa makaa, akaanza mazoezi. Kanda ndiyo iliyokuwa mwalimu wake. Alisikiliza, akarudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, akasikiliza tena, vidole vikikimbia juu ya mti. Majirani walikusanyika. "Mwalimu anapiga jembe!" walicheka, na mama mmoja akamuuliza kama na sururu anaiweza. Alicheka nao bila kuinua vidole. Alichagua vipande vitatu, na mimi nilijivunia kuona kimojawapo ni Cha Mbuzi. Nilimsihi avitungie mwisho.

"Mwalimu, watu watangoja."

"Nikiongeza yangu, nitakuwa naharibu yake."

Kwa hiyo alijifunza kila noti, kila pumzi, na kila mkato. Mkato aliufanyia mazoezi kuliko noti zote, maana kusimama ghafla namna ile, alisema, ndiyo kazi ngumu.

Nilimwandalia barua ya ruhusa ya kutoka kambini, nikaipiga chapa mwenyewe, nikaifuatilia hadi ikatiwa muhuri. Jumamosi tukapanda lori lililokuwa linarudi Lodwar tupu, mwalimu akiwa na tai shingoni na mpini wa jembe mapajani.

Baada ya misa, watu hawakutoka. Padre aliweka sanduku mezani, akalifungua. Mwalimu aliiangalia ile saksafoni kama mtu anayekagua mgonjwa. Joto lilikuwa limekausha ngozi za chini ya vitufe, na kimoja hakikufunga. Alitoa mfukoni kipande cha tyubu ya baiskeli alichokuja nacho, akakikata kwa wembe, akakibandika. Kile kijiti chembamba cha mdomoni alikilowesha ulimini muda mrefu, hadi watoto wakaanza kucheka. Akapuliza. Sauti ya kwanza ilikuwa ya ngamia.

"Ejok," mtu akamsalimia ngamia huyo kutoka nyuma, na kanisa zima likaangua kicheko.

Sauti ya pili ilikuwa saksafoni.

Alianza na Cha Kikohozi, katikati ya pumzi, kama mtu anayeendeleza mazungumzo mliyoyaacha jana. Vidole vilikumbuka. Mdomo nao ukakumbuka, noti chache zikimponyoka lakini nyingi zikitii. Mimi nilisahau kutilia shaka. Halafu, mahali pale pale, akakata.

Kimya.

"Imekufa?" shangazi aliuliza kwa sauti.

"Endelea, mwalimu," alisema Padre.

"Nimemaliza, Padre."

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

Akapiga Cha Mama Anayecheka. Kikatika. Padre alivua miwani. "Mwalimu, mkono wako ni mzuri, Mungu akubariki. Lakini nitakuwekaje kwenye misa? Watu wako katikati ya wimbo, wewe umenyamaza."

"Huyu ametuletea mguu wa mbuzi," alisema shangazi. "Mbuzi mwenyewe ako wapi?"

Hapo nikasimama. Mimi, niliyesema mwaka mzima kwamba kanda imekatwa, nilitangaza mbele ya kanisa kwamba ndivyo muziki huo unavyoisha, na kwamba bingwa wa dunia nzima aliishia hivyo hivyo.

"Umejuaje?" akauliza Padre.

Katekista alitabasamu kwa furaha ambayo bado naiona.

Mwalimu hakunigeukia. Alikuwa ameshika saksafoni kwa mikono miwili, kifuani, kama kitu ambacho dakika yoyote kitachukuliwa. "Moja imebaki," alisema.

Akapiga Cha Mbuzi. Nadhani alijua ni mara ya mwisho, kwa sababu alikipiga vizuri kuliko kanda. Mbuzi walishuka mlima wote, kwato kwa kwato, wakafika chini, akakata.

Kabla kimya hakijatua, shangazi akadaka.

Hakupanga, aliniapia baadaye. Kwetu mtu akisimama kwenye edonga, ngoma yetu ya kuruka, kumwimbia dume lake la ng'ombe sifa, hamalizi peke yake. Anaachia sauti hewani, na waliosimama kumzunguka wanaidaka kabla haijaanguka. Kuiacha ianguke ni kumwaibisha. Shangazi alikuwa ameivumilia aibu hiyo mara mbili, ya tatu ikamshinda. Alitoa sauti nzito ya kuitikia, isiyo na neno lolote la kanisa, na akina mama wa kwaya wakaingia nyuma yake, wakipiga makofi, miguu ikigonga sakafu. Mwalimu alishtuka. Kisha akaelewa, akainua saksafoni, akaingia tena juu yao, akakata, wakadaka. Wazee wawili wakaanza kuruka karibu na sanduku la sadaka.

Waliponyamaza wote wakihema, Padre alikuwa anafuta miwani, na si miwani peke yake.

"Shangazi," alisema, maana parokia nzima ilimwita hivyo, "si ulitaka iende seminari?"

"Seminari nani ataitikia?" alijibu. "Mpe huyu. Lakini aje Pasaka."

Mpini wa jembe ulibaki Lodwar. Shangazi aliutia jembe, akalima nao. Kakuma, kwaya ya kambini ilichukua Jumapili moja tu kujifunza mahali pa kuingia, na mwalimu hakuwahi kumalizia wimbo hata mmoja. Mimi niliendelea kumwambia kwamba kanda imekatwa, naye aliendelea kuuliza nani alikata.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa mbali na Turkana, katika kijitabu kilichokuja na diski za Mmarekani yule. Aliyerekodi alikuwa mpiga saksafoni mwenziwe, mtu aliyempenda kupita kiasi, akimfuata ukumbini na mashine yake. Alichotaka ni saksafoni ile moja tu. Zamu ya wengine ilipofika, alizima mashine. Kila pale kanda yetu ilipokatika, ukumbini kulikuwa na mtu ameshadaka.