Kuwafuata Maksai Kwenye Joto la Muze

Niliondoka Milanzi kwa hasira, na sioni sababu ya kuwaficha. Nilikuwa dukani nanunua chumvi, lori la mpunga likasimama, utingo akanipigia kelele kutoka juu: "Shemeji! Mumeo huko bondeni kawa tajiri! Jana nimemwona anawafunulia wanunuzi meno ya maksai." Dukani watu wakacheka. Mimi chumvi ikanimwagikia kwenye kandambili.

Hakuna anayemfunua ng'ombe meno kwa mchezo. Mnunuzi ndiye anayetazama meno, ajue umri. Na maksai wale ni wangu. Baba yangu alinipa wakiwa ndama, nikawafundisha plau mwenyewe. Mmoja nilimwita Karani kwa sababu anachagua kazi. Mwingine Bwana Shamba, maana anapenda kutembea shambani akitazama wenzake wakilima. Kiangazi kikikaribia kuisha, majani huku juu Ufipa yanabaki majivu, kwa hiyo mume wangu aliwashusha kwa mzee Masunga, Msukuma anayechunga karibu na Ziwa Rukwa, kwenye majani mabichi. Alikwenda kuwarudisha kabla ya mvua ya kwanza. Akaganda huko. Tangu biashara iwe huria na kazi yake ya ushirika ife, baba Riziki anaota samaki wakavu na lori lenye jina lake ubavuni. Wangeuzwa wale, ulezi wetu ningeulima kwa jembe la mkono na mtoto mgongoni, naye akiota.

Asubuhi iliyofuata nilipanda lori lilelile, nikakaa juu ya magunia matupu. Asubuhi ya Sumbawanga wakati ule wa mwaka ina unafiki: jua linakuchoma usoni, upepo unakukata mgongoni. Riziki nilimvalisha sweta mbili, koti la mtumba, soksi na kofia ya sufi.

Ntendo tulikuta vumbi jekundu, na milima imechomwa moto hadi imebaki na madoa. Mama mmoja aliyepanda lori hapo na kapu la vikombe vya bati akamtazama mwanangu kwa muda.

"Huyu mnampeleka Ulaya?"

"Muze, mama."

"Muze! Na hiyo kofia?"

"Ana kifua."

"Subiri tuteremke. Hicho kifua utakitafuta usikione."

Kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa nikaelewa alichokuwa anacheka. Kona ya kwanza hewa ikawa vuguvugu. Kona ya pili, kama umefunua sufuria ya wali ukainamia. Mtoto akaanza kulia, nikavua koti. Nikavua sweta, nikavua sweta ya pili. Utingo akawa anatangaza, "Kona moja, nguo moja! Shemeji, zimebaki kona nyingi, angalia!" Tulipofika chini Riziki alikuwa na chupi tu, na mimi nimebakiwa na kanga moja na hasira zangu zote.

Muze, mchana, hakuna kinachotembea. Kuku wamesimama kivulini midomo wazi. Ukimuuliza mtu swali anafikiri kwanza kama lina thamani ya kufungua mdomo. Niliambiwa baba Riziki hayupo sokoni, yuko ziwani. Muuza samaki mmoja akanipakia kwenye baiskeli yake, akinung'unika njia nzima kwamba kambale wangekuwa wepesi kuliko mimi. Nikamwambia kambale hawamsukumii baiskeli kwenye mchanga, na nikashuka nikasukuma.

Alasiri tukafika ufukweni. Nilidhani nitapata ubaridi wa maji. Wapi! Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, limeacha tope lililopasukapasuka, jeupe kwa magadi, na upepo wake ni wa kumpulizia adui. Ng'ambo ya pili mawingu meusi yamepangana, radi zinamulika bila sauti, na huku kwetu hakuna hata tone.

Mzee Masunga nilimkuta mbele ya nyumba yake anasuka kamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chake. "Umekuja na jua lote hili? Mumeo yuko zizini na mgeni kutoka Mbeya."

Zizini nilimkuta baba wa mtoto wangu amevaa miwani ya jua ya mtumba. Sikuwahi kumwona na miwani. Mgeni wa Mbeya ameshika fimbo, anamzunguka Bwana Shamba.

"Mama Riziki!" mume wangu akaruka. "Mbona hukutuma habari?"

"Habari ndiyo mimi."

Akamgeukia mgeni. "Mke wangu huyu. Amekuja kupunga upepo."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, nikamwona Karani. Ulimi nje, mate yananing'inia, mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto. Bwana Shamba vilevile. Mzee alikuwa amenifuata zizini na kamba yake mkononi. Nikamvuta mzee Masunga pembeni: "Baba, wanaumwa?"

"Wala. Ni joto. Ng'ombe wa juu akiwa huku anahema hivyo mpaka jua lizame. Sisi tumezoea kuletewa, nyie mnaogopa njaa tu, joto mnalisahau."

Hapo hasira yangu ikapata akili. Nikarudi kwa mgeni nikampa mkono kwa adabu.

"Karibu, kaka. Ulimi wake umeuona?"

"Nimeuona. Una nini?"

"Mimi nitajua wapi, nimeishia kidato cha nne. Hebu kwanza, kwenu Mbeya homa ya mapafu ya ng'ombe mnaitibuje?"

Niliuliza tu. Mgeni akarudi nyuma hatua, akafuta mkono kwenye suruali.

"We ndugu," akamwambia mume wangu, "ulitaka kunitia hasara?"

"Ni joto tu hilo, kaka!"

"Joto! Na hawa wa mzee mbona hawahemi?"

Kweli, ng'ombe wa mzee Masunga walikuwa wanacheua raha mustarehe kama wako harusini. Mume wangu akamtazama mzee amwokoe. Mzee akainama kukagua kamba yake, kwa makini sana. Mgeni hakusubiri chai.

"Umeniharibia biashara," baba Riziki akasema.

"Biashara ya ng'ombe wa nani?"

Akaisukuma miwani juu ya pua.

"Nakuuliza. Vua miwani unijibu."

Akavua. Akaikunja, akaitia mfukoni. Nikamwambia kesho tunapanda mlima, na achague: aongoze Karani au ambebe Riziki. Karani alishawahi kumpiga teke mbele ya mashemeji. Akachagua mtoto.

Alfajiri tulianza safari kabla joto halijaamka. Muze wanawake walimwona mwanamume na kanga mgongoni, wakapiga vigelegele. Mmoja akamuuliza, "Baba, na kunyonyesha utaweza?" Yeye macho chini. Tulilala kwa watu chini ya mlima, kesho yake tukapanda taratibu. Katikati ya mteremko upepo ukageuka. Karani akaingiza ulimi ndani, akapiga chafya, akaanza kunivuta mimi badala ya mimi kumvuta. Ukingoni juu wingu lilikuwa limekaa, na mvua ya kwanza ikatupiga na harufu yake ya vumbi lililolowa.

Ntendo tulijibanza kwenye upenu wa mtu. Mwenye nyumba akawatazama maksai, wamesimama vizuri, wanameremeta kwa maji.

"Kaka, jozi safi hii. Unauza?"

Baba Riziki alikuwa anatiririka kuanzia kichwani, mtoto amelala mgongoni kwake. Akanitazama kidogo.

"Si wangu," akasema. "Muulize mama huyo."

Hawauzwi, nikamwambia yule bwana. Nyie mnaoishi juu kama mimi, shikeni hili: bondeni majani yapo, lakini ng'ombe wenu arudi kabla joto halijakaza. Mwakani nitawashusha mwenyewe, na kuwapandisha ni mimi.