Bolti Isiyoingia kwa Vidole

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Hombolo, mwanangu, siku niliyoharibu pampu ya mtu kwa kuona aibu kuuliza swali dogo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi majuzi tu, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Pampu ilikuwa ya Mama Yohana, mjane mwenye shamba la zabibu. Mizabibu ilishabeba, na bila maji matunda yangesinyaa. Fundi Chibago, mzee aliyenipokea kazini, alinituma nikafunge bolti mpya, basi. Ikaingia mizunguko miwili, ikagoma. Nikaona aibu kurudi kumuuliza mzee, nikajiambia ni kutu. Nikachukua spana ndefu, nikaining'inia. Ikaingia, ndiyo, huku ikisaga meno yote ndani ya tundu. Haraka haraka haina baraka. Wengi wetu huikumbuka methali hiyo tukishavunja kitu.

Mzee alipofika hakufoka. Aliichomoa bolti, akaitazama.

"Ndahani, mgeni akipiga hodi kwenu, mnamvutia ndani kwa nguvu?"

"Hapana, mzee. Tunasalimiana kwanza."

"Halafu?"

"Tunamuuliza kwao wapi, na ukoo wake upi."

"Na hii uliiuliza?"

Akatoa vibamba vyembamba vya kupimia, vyenye meno kama vitana, akavijaribu kimoja kimoja kwenye bolti yangu, kisha kwenye ile ya zamani. Yangu ilikuwa ya milimita, ya zamani ya inchi! Unene karibu ule ule, lakini koo mbili tofauti. Nilishangaa hadi nikasahau aibu. Tangu hapo napima kila chenye meno, hata kifuniko cha chupa, na mke wangu hunicheka.

"Sasa kamwambie mwenyewe," mzee akasema.

Hapo ndipo paliponiuma, maana nilishajiandaa kusema pampu imezeeka. Nikaenda, nikamwamkia Mama Yohana, nikamwambia ni mimi niliyeiharibu. Akatazama mizabibu yake.

"Itapona?"

"Sijui, mama. Nitajaribu."

Tukapanua tundu, tukakata meno mapya ya saizi inayofuata kwa tapu tatu, vyuma vya kuchongea meno ndani ya tundu: kwanza iliyochongoka, kisha ya kati, mwisho ya kumalizia. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta kila mara. Mzee aliniachia kazi yote, hadi kufunga bolti mpya ya saizi hiyo. Jioni maji yakafika kwenye mizabibu.

Mwanangu, bolti iliyo sahihi huanza kwa vidole. Ikigoma, usitafute spana ndefu zaidi, tafuta kipimo. Acha kazi yenyewe ikuchagulie chombo, usichague kwa nguvu zako. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla hujasemewa. Mama Yohana aliendelea kuniita mimi miaka yote, ingawa mafundi walikuwa wengi. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe ukiharibu, utaniambia."

Mungu akupe mikono yenye subira, na watu wa kukuamini hata siku uliyokosea.