Pengo Nililompa Binti Yangu

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, wajukuu zangu na wenzenu mnaoniita Kogo, yaani nyanya, hata kama si damu yangu, ketini kwanza. Mkiniangalia mdomoni mnaona nafasi ya meno mawili ya chini, hapo mbele katikati, na mnadhani ni uzee. Si uzee. Yalitolewa nikiwa msichana mdogo, mchana, watu wakitazama, na sikulia. Rika langu lote la Kipsigis tulitolewa. Aliyebaki na meno yote alichekwa kwamba ana mdomo wa punda.

Nyinyi hamkutolewa, na ni vizuri. Lakini binti yangu wa mwisho alitolewa, wakati watu walikuwa karibu wameacha, na aliyempeleka ni mimi. Kwa zaidi ya miaka ishirini sikumwambia ni kwa nini. Sasa niko mzee na sina haja ya kujipaka mafuta. Nitasema ilivyokuwa.

Kabla yake nilikuwa na msichana mwingine. Alikuwa wa miaka saba hivi, mwepesi, wa kupanda kila ua. Siku moja alikanyaga msumari kwa boma la ndama. Kidonda kilikuwa kidogo hata hakuchechemea. Nilikiosha kwa maji ya chumvi nikaendelea na kazi. Baada ya siku nane akaniambia shingo inauma, na kesho yake mdomo ukafungwa. Pepopunda. Nilimkalia na kibuyu cha maziwa, nikajaribu kumtilia, na maziwa yakawa yanagonga meno na kurudi, yanateremka shavuni mpaka kwa sikio. Meno yake yalikuwa mazuri, yamepangana, hakuna hata mwanya wa kupitisha unyasi. Na alikuwa nayo yote kwa sababu mimi na mzee wangu tulikuwa tumebatizwa, na mwinjilisti alikuwa ametuonya kwamba meno ni kazi ya Mungu, yasiguswe.

Mama mkwe wangu alikuja, akainama, akamwangalia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mngetoa yale mawili, maziwa yangepata njia."

Hiyo ilikuwa ndiyo kazi ya pengo, mjue. Hatukutolewa kwa urembo peke yake. Wazee walijua huo ugonjwa unafunga watu mdomo, na waliacha dirisha la kulisha mgonjwa. Mvua ilikuwa imekata barabara. Tulipopata mtu wa kutufikisha hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kata roho mgongoni mwa baba yake. Mama mkwe akaagiza asitajwe tena pale nyumbani, kifo kisisikie njia ya kurudi. Nikatii. Kifuani nilikuwa na mwingine, mchanga, ananyonya. Huyo ndiye binti yangu wa mwisho. Alikua bila kujua kwamba alikuwa na dada.

Alipofika umri ule wa dada yake, sikulala vizuri tena. Nilikuwa naangalia mdomo wake akila. Mwinjilisti alikuwa bado anasema yake, mwalimu naye alikuwa anasema yake, na mimi nikasema safari hii sitasikiza mtu. Nilimdanganya tunaenda kusalimia nyanya yake, mama yangu, ng'ambo ya mto. Huko kulikuwa na mama mzee aliyebaki na ile kazi. Alikuwa na kachuma kembamba, analegeza jino nako na kulimalizia kwa vidole. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu.

Tukirudi, mtoto ameshika kitambaa chenye damu, akaniuliza, "Mama, nimefanya nini?"

Nikamwambia, "Nyamaza. Funga mdomo."

Basi akafunga. Shuleni darasa lake lote lilikuwa na meno, wakamwita Geti. Akajifunza kucheka na kiganja juu ya midomo, na kuongea akiangalia chini. Kanisani alikuwa na sauti, lakini alisimama mstari wa nyuma kabisa.

Sasa nifike kwa ile miaka ya tisini. Alikuwa mtu mzima, ana kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja Kericho mjini, na Jumamosi anakuja nyumbani. Akaanza kwanza na yale meno ya kuvaa na kuvua, ya plastiki ya waridi kama fizi. Yale ya chini hayashiki vizuri, ulimi unayasukuma. Siku moja tulienda soko la Litein. Kuna mama wa samaki pale, mtu wa kutoka ziwani, amekaa kwetu miaka mingi hata anajua kutukana kwa Kipsigis. Binti yangu akafungua mdomo kuuliza bei, na hayo meno yakaruka, pwa! ndani ya fungu la omena.

Yule mama akayaokota, akayainua juu. "Haya, wateja, kujeni! Leo omena yangu imeota meno!"

Soko likacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha yule mama akaona uso wa binti yangu, akayafuta kwa leso yake safi, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Usikasirike, binti. Angalia mimi." Akavuta mdomo wa chini kwa kidole. Kwao wanatoa sita. "Sita! Wewe na yako mawili unajiona umechinjwa. Na bado niliolewa, na bwana nilimshinda kwa maneno mpaka akafa."

"Wewe hukufanyiwa peke yako," binti yangu akamjibu polepole. "Wenzako wote walitolewa."

 Yule mama alitufungia samaki akaongeza wawili. Yale meno sikuyaona tena.

Kama mwaka mmoja baadaye, Jumamosi, tukiwa tunakunywa chai, akasema, "Mama, nimepata daktari Nairobi. Atanipandia meno."

"Atapanda nini?"

"Meno. Anatoboa mfupa wa taya, anaingiza skrubu ndogo, anaifunika na fizi. Mnangoja miezi mpaka mfupa uishike. Halafu jino linakazwa juu yake. Hilo halitoki."

Mzee wangu akaweka kikombe chini. "Kumbe ni kama mche wa chai. Na ukikauka, je? Anarudia kujaza pengo kama sisi?"

"Baba, wacha."

"Nauliza tu. Mimi nimejaza mapengo ya chai miaka mingi. Mahali kichaka cha kwanza kilikufa, cha pili hakipendi kushika."

Alikuwa anatania. Binti yangu hata hakumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi, na alikuwa ameondoa mkono mdomoni.

"Nataka twende na wewe, mama. Ukae tu kwa benchi, nikitoka nikupate."

Nikahisi kama nimeitwa mbele ya kanisa. Nikamwambia, "Aliyekutoa ni mimi. Siwezi kwenda kukaa kwa benchi nikiangalia mtu akinisahihisha kama mtoto wa shule."

"Basi usiende. Lakini niambie kitu kimoja. Wasichana wa rika langu hapa wana meno yao. Mlikuwa mmeokoka. Kwa nini mimi?"

Mzee wangu akainuka akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Nilikuwa na nafasi, na ukweli wote ulikuwa hapo mbele yangu. Nikasema, "Ni mila."

"Ni mila," akarudia. Akachukua mkoba wake. Hakumaliza chai.

Alienda Nairobi na mwenzake wa ofisini. Nilisikia kwa watu kwamba ametobolewa, kwamba anangoja. Miezi minne hakuja nyumbani. Nilikuwa nachuma majani na kuuliza hewani kama skrubu imeshika. Sikumtumia hata salamu. Nilikuwa namngoja aanze yeye, na mimi ndiye mzazi. Huo ndio ujinga wetu: tunafikiri heshima ni mtoto kutangulia kila mara, hata kwa makosa yetu.

Halafu siku moja mchana nikamwona akiteremka kwa njia yetu, leso imefungwa kutoka kidevuni mpaka utosini. Taya imevimba, jicho moja limekuwa dogo. Nilimshika mkono nikamlaza kwa kitanda changu. Aliongea kwa shida. Skrubu moja ililegea ikatoa usaha, ya pili ikafuata, na daktari akazitoa zote mbili. Alimpa dawa, akamwambia arudi nyumbani apumzike.

"Alisema ni nini?" nikauliza.

"Mfupa umekataa. Amesema mahali pale mfupa umekonda, kwa sababu meno yalitoka nikiwa mdogo sana."

Hakusema hayo kwa kunichoma. Alisema kama mtu anayesoma barua. Afadhali angenichoma.

Nikapika uji wa wimbi mwepesi, nikaupoza na maziwa, nikakaa kando ya kitanda na kijiko. Hakuweza kufungua zaidi ya upana wa kidole. Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili kikagonga, na uji ukateremka shavuni mpaka kwa sikio. Nikamwaga uliobaki kwa blanketi.

"Mama, ni nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia akiwa amelala na mimi nikiwa na kijiko mkononi. Msumari, boma la ndama, siku nane, maziwa yaliyorudi, neno la nyanya yake, barabara iliyokatika. Nilitaja jina la msichana yule kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na lilitoka likiwa geni, kama jina la mtoto wa jirani.

Hakulia. Alikuwa anaangalia mabati juu. Akauliza, "Kwa hivyo nilitolewa kwa ajili yake."

"Ndiyo."

"Na angetolewa angepona?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa dawa kwetu sisi wawili. Lakini yeye alikuwa amekwisha tolewa kitambo wakati muuguzi mmoja wa kliniki aliponifungua macho. Huo ugonjwa hauponi kwa maziwa. Maziwa yanachelewesha tu kifo. Kinachotakiwa ni sindano, na kidonda kiangaliwe mapema.

"Hangepona," nikasema.

 Kisha akasema, na maneno yalikuwa yanapita kwa shida kwenye lile taya, "Mimi nilifikiri nilikosea kitu. Tangu siku ile. Nilikuwa nahesabu makosa yangu ya utotoni nikitafuta ni lipi."

Vijana, neno la kuomba msamaha lilikuja mpaka hapa kooni. Kwetu mzazi haombi mtoto msamaha. Anamchinjia, anampa ndama, anampikia. Nilikwenda kumpikia. Sikulisema siku hiyo, na sijalisema kwa mdomo mpaka leo. Ninaliandika hapa, alisome kama atataka. Nilikosa, mwanangu.

Siku ya tatu uvimbe ulipopungua akatoka nje akiwa amejifunika shuka, akatukuta mimi na baba yake tukipukuchua mahindi. "Alizikwa wapi?" akauliza.

Mzee wangu akaniangalia. Akajua nimesema. Aliweka gunzi chini na tukaenda watatu, yeye mbele, kwa shamba la chai. Wakati ule wa mazishi palikuwa malisho. Tuliweka jiwe. Miche ilipokuja tulilima pale mpaka chini, kila mtu alikuwa na haraka ya chai, na vibarua wakatupa mawe yote mtaroni.

"Ni hapa," mzee akasema, akishika kichaka.

"Si hapo," nikasema. " Ilikuwa chini zaidi. Nikiwa pale nilikuwa naona mlango wa nyumba yetu ya kwanza."

"Nyumba ya kwanza ilikuwa upande ule, mama," mzee akanijibu.

"Unaniambia mimi ilipokuwa nyumba yangu?"

Tukabishana hivyo, wazee wawili, kati ya mistari, kuhusu mahali mtoto wetu amelala. Yeye anaonyesha huku, mimi naonyesha kule. Mwishowe sauti ya mzee ikakatika, akageuka upande wa mto asituonyeshe uso. Binti yangu alikuwa amesimama na shuka lake, majani ya chai yanamfika kiunoni.

"Kwa hivyo tumekuwa tukichuma juu yake," akasema.

"Ndiyo."

"Hata mimi. Kila likizo."

"Hata wewe."

Hakunisamehe siku hiyo, sitawadanganya. Alirudi Kericho wiki iliyofuata. Hakupandiwa meno tena, na mpaka leo mkono wake unaenda mdomoni akitaka kucheka. Lakini siku ile, kabla hatujatoka shambani, alipita polepole kutoka kichaka hadi kichaka, akigusa kila kimoja kwa kiganja, kile cha baba yake na kile changu na vyote vya katikati, kwa sababu hatukuweza kumwambia ni kipi.

Nilipofika nyumbani niliita watoto wangu wa kiume, wake zao, na mtu wetu wa kuchuma. Nikawapeleka mpaka pale, nikasimama katikati, nikawaambia: "Mistari hii mitatu, kutoka mtaro mpaka njia ya ng'ombe, hakuna mkono utachuma tena wala panga litakata. Iacheni ikue mpaka iwe miti. Mwenye haraka ya majani achume kwingine."