Kidonda Nilichomficha Mama Mkwe

Nakumbuka hadi leo, mwanangu, asubuhi niliyoketi kwenye kochi langu kule Buswelu nimebana taulo pajani, nikimwambia mama mkwe kwamba sina neno, na damu inanitoka.

Nimesikia umepangiwa kwenda kuchomwa ile njia ya umeme iliyokosewa moyoni, na kwamba usingizi umekupaa. Usione haya. Mimi nina diploma ya mitambo ya baridi niliyoifuata Ulaya, mtoto wa mkulima wa pamba wa Magu nisiyebebwa na mjomba wala shangazi, na bado nilitetemeka.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa kama uyoga. Kompresa ya majokofu yao ikigoma, niliitwa mimi. Karakana yangu ya Mkolani haikuhitaji kibao. Basi siku moja niko juu ya ngazi kiwandani, moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu, macho yakaingia giza. Ikajirudia mara ya pili, mara ya tatu. Daktari akanieleza kwamba moyo wangu una njia ya pembeni inayopitisha umeme kombo, na kwamba kuna hospitali nje ya nchi wanaingiza waya mwembamba kwenye mshipa wa kinena, unapanda hadi moyoni, wanaichoma njia hiyo kwa ncha yake. Kisha akaniuliza nani atakuwa karibu nami nikirudi. Nikajibu kwamba mtu aliyeishi ughaibuni peke yake hahitaji mlezi. Akaandika barua ya kunipeleka huko.

Nilikwenda. Vidonge niliviacha siku walizoniambia, chakula nikafunga walivyotaka. Nilichomwa nikiwa macho, mwanangu. Kuna wakati waliutia moyo mbio makusudi ili waione ile njia, na hapo diploma haikunisaidia kitu. Nilisali sala ambazo sikujua kama bado nazikumbuka. Baadaye nikalazwa chali saa nyingi, mguu umenyooka, nesi akanipa karatasi ya masharti: usinyanyue kitu kizito, kiangalie kidonda, damu ikitoka ulale chali, pabonyezwe kwa nguvu, ukimbizwe hospitali. Akasema niisome pamoja na watu wa nyumbani.

Niliifungia kwenye mkoba. Mke wangu nilimwambia kwa mkato tu kwamba yamekwisha, naye alikuwa mwalimu, akishinda shuleni. Aliyekuja kunitunza ni mama yake, mjane kutoka Misungwi. Wewe unajua sisi Wasukuma na wakwe. Mama mkwe humpi mkono, huketi naye kiti kimoja, hata jina lake hulitamki ovyo. Sasa nimwambie kidonda kiko kinena? Heri nife, nilijisemea, kumbe maneno hayo si ya kuchezea.

Watu walikuja kunipa pole, wakatafuta kovu kifuani wasilione. Jirani mmoja, fundi cherehani mwenye ulimi mrefu, akasema huko nimeonyeshwa sinema tu, maana hata yeye akipunguza suruali huacha alama. Walicheka. Mimi nikaumia, na kiburi kikiumia hakisikii dawa. Kesho yake asubuhi na mapema nikaenda Mkolani. Nikawakuta vijana wangu wanahangaika na kompresa, nikashika upande mmoja nikanyanyua, ili habari ifike Buswelu kabla yangu.

Ilipofika, nami nilifika na uvimbe mkubwa kama yai la kuku. Damu ikaanza kuchuruzika, nikakaa kwenye kochi na kubana taulo. Moyo nao ukaanza kurukaruka, nikaona safari yote imekwenda bure na binti yangu Neema atabaki yatima.

Mama mkwe alileta uji, akauweka mbali kidogo kama desturi, akasimama.

"Baba Neema, mbona unatoka jasho?"

"Mguu umekufa ganzi tu, mama."

Akakitazama kitambaa cha kochi. "Ganzi haitoi damu. Kidonda kiko wapi?"

Nikageukia ukuta. "Mama, hapo siwezi kukuambia."

"Mimi nilimpa binti yangu mume, sikumpa kaburi," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Unaficha nini tena? Waliokutibu walisema damu ikitoka ifanywe nini?"

Nikasema yote. Akanilaza sakafuni, akafungua kitenge chake cha juu, akakikunja, akageuza uso kuelekea mlangoni, akanibonyeza kwa mikono yake miwili mahali ambapo mkono wa mkwe haujawahi kufika tangu Usukuma uwe Usukuma. Akamwita jirani yule yule alete gari la nduguye. Hakuulegeza mkono mpaka hospitalini.

Madaktari waliizuia damu. Kuhusu moyo walisema umetoka kuchomwa, unaweza kurukaruka kidogo kabla haujatulia, ila watausikiliza. Wakaniweka hapo siku mbili. Zile mbio hazikurudi tena. Mama mkwe hakulitaja jambo lile maisha yake yote, isipokuwa kila nilipomwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba. Mguu?"

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujafunga begi, chagua mtu. Mmoja tu atosha. Mwonyeshe kidonda kitakuwa wapi, msomee masharti mpaka ayajue kuliko wewe, awe mkeo, dada yako, hata mkweo. Ukirudi, kaa kama mgonjwa kwa siku ulizoambiwa, wanaokucheka waache wacheke. Na hofu uliyonayo mwambie daktari, amezisikia nyingi. Mimi nimefika mbali kwa akili yangu, silifichi hilo, lakini nipo hai kwa mikono ya mama ambaye hakuwahi kuingia darasani.

Mungu auongoze mkono wa atakayekutibu, autulize moyo wako kama ziwa la alfajiri, akurudishe nyumbani ukute mtu mlangoni. Amina.